Jina la Uyoga ni Amana: Tusile kwa Kudhani

Sifa zote njema ni za Allah (SW), Mola aliyemuumba Adamu (AS) kisha akamfundisha majina ya vitu vyote, kama tunavyosoma katika Surat al-Baqara. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na maswahaba wake.

Wiki hii safu yetu inazungumzia jambo ambalo huonekana dogo mpaka siku linapoingia chunguni, nalo ni uyoga wa porini. Mvua zinapokwisha kuilowesha ardhi ya Kilosa, kuanzia mashamba ya Kimamba na Rudewa hadi miteremko ya milima ya Ukaguru na Rubeho, na kusini hadi vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, akina mama na watoto huchukua vikapu na kuingia msituni. Hurudi na kitoweo ambacho hawakukinunua wala hawakukipanda. Hiyo ni neema ya wazi. Lakini ndani ya neema hiyo limo swali ambalo kila familia haina budi kulijibu kabla ya kuwasha moto: huu ni uyoga gani?

Tumelichagua swali hili kwa sababu mbili. Kwanza, jibu lisilo sahihi limeua watu, na aghalabu wanaotangulia kufa ni watoto. Pili, jibu sahihi limo katika vichwa vya bibi zetu, nao wanaondoka mmoja mmoja bila ya elimu yao kuandikwa.

Neno moja, vitu vingi

Wapo wanaosema kwamba uyoga wote ni chakula chema kwa kuwa umetajwa katika hadithi. Hapana budi tulifafanue jambo hili. Katika hadithi iliyopokewa na Said bin Zayd (RA), nayo imo katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) ameieleza al-kam'a kuwa ni katika jumla ya manna, na kwamba maji yake ni ponyo la jicho. Sasa, al-kam'a ni nini? Ni kuvu anayeota chini ya mchanga wa jangwa baada ya mvua, mviringo kama kiazi, asiye na shina wala kofia. Ndugu zetu walioko Oman na nchi nyingine za Ghuba wanamfahamu kwa jina la faqa, na huuzwa sokoni kwa bei kubwa katika msimu wake. Wenyeji wa jangwa humtafuta kwa kuangalia kijimmea fulani ambacho mizizi yake huishi pamoja na kuvu huyo. Penye mmea huo ndipo wanapochimba.

Ni dhahiri kwamba kuvu huyo si uyoga unaoota chini ya miti yetu ya miombo. Msomaji akikuta tafsiri iliyoiita al-kam'a kwa neno "uyoga" peke yake, asidhani kwamba hadithi hiyo imemhalalishia kila kinachochomoza kwenye majani makavu. Neno letu "uyoga" limebeba mamia ya viumbe mbalimbali, baadhi yao vikiwa chakula, vingine dawa na vingine sumu. Wanazuoni wetu wamekubaliana kwamba asili ya vitu vinavyoota ardhini ni uhalali, lakini kinachodhuru mwili hakiruhusiwi kuliwa, kwani tumekatazwa kujitia wenyewe katika maangamizi. Kwa hiyo hukumu ya kula uyoga inategemea kuujua, na kuujua huanza na kulijua jina lake.

Waislamu wa zamani walilielewa vizuri jambo hili. Ibn al-Baytar, mwanachuoni wa mimea aliyezaliwa karibu na Malaga katika Andalusia na kufariki Damascus mwaka 1248, alisafiri nchi nyingi akikusanya habari za mimea na dawa. Katika kitabu chake kikubwa alipanga vitu takriban 1,400, na palipohitajika aliweka majina ya Kiarabu, ya Kigiriki, ya Kiberiberi na ya watu wa Andalusia pamoja. Alitambua kwamba mgonjwa anaweza kufa si kwa kukosa dawa, bali kwa kupewa kitu kingine chenye jina linalofanana.

Majina yaliyotoka kwetu

Huenda msomaji akadhani kwamba kila kiumbe cha msituni kimekwisha kujulikana na kuandikwa vitabuni. Sivyo. Kuvu waliopewa majina ya kisayansi duniani kote ni takriban 150,000, ilhali wataalamu wanakadiria kwamba waliopo ni kati ya milioni 2.2 na milioni 3.8. Kila mwaka aina mpya zaidi ya 2,000 huelezwa na kupewa majina.

Na baadhi ya majina hayo mapya yametoka katika ardhi yetu. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, akiwemo Marja Härkönen, walishirikiana na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kukusanya habari za uyoga wa Tanzania. Hawakuingia msituni peke yao. Waliwauliza wenyeji wanakula nini, wanaacha nini, na wanakiitaje. Matunda ya kazi hiyo yalionekana upesi. Mwaka 1994 uliandikwa rasmi uyoga wa vichuguu unaoitwa Termitomyces singidensis, yaani wa Singida. Mwaka huohuo ukaandikwa Amanita masasiensis, yaani wa Masasi. Mwaka 2008 Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake wakauandika Cantharellus fistulosus, uyoga wa Tanzania wa ukoo wenye umbo la tarumbeta. Neno hilo la pili kwa Kilatini lina maana ya kitu kilicho wazi ndani kama bomba.

Tuangalie jambo hili kwa makini. Aina kama hizo huitwa "mpya" kwa sababu ndipo zilipoingia katika daftari la sayansi. Kwa watu wa mahali penyewe upya huo mara nyingi haupo. Mfano ulio bora kabisa ni wa majirani zetu wa Zambia. Uyoga mkubwa kuliko wote unaoliwa duniani, ambao kofia yake huweza kufikia upana wa mita 1, ulikuwa ukiuzwa huko kando ya barabara mbele ya macho ya kila mpita njia. Hata hivyo haukupata jina la kisayansi, Termitomyces titanicus, mpaka mwaka 1980. Walioujua tangu zamani ni wanawake waliokuwa wakiuchuma na kuupika.

Kilosa nayo ina hazina yake. Wakaguru, Wasagara na Wavidunda wana majina yao ya uyoga waliyoyarithi kwa wazee. Katika nchi ya mkonge, kama ilivyo Kimamba, uko uyoga mdogo unaoota juu ya mabaki ya mkonge yaliyotupwa baada ya kutolewa nyuzi. Huliwa ukingali mchanga, kwani ukikomaa huyeyuka na kuwa maji meusi kama wino. Watu wa mashambani waliutambua kwanza. Kisha ndipo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipojaribu kuulima kwa makusudi juu ya mabaki hayohayo, ili taka igeuke chakula.

Namna aina inavyothibitishwa

Je, mtaalamu anajuaje kwamba uyoga aliouona haujaandikwa? Kazi yake inafanana kidogo na kazi ya wanazuoni wa hadithi, wanaotazama matini na pia sanadi. Matini hapa ni maelezo ya umbo: rangi ya kofia ikiwa mbichi, harufu, urefu wa shina, kama lina pete au mfuko chini yake, na kama nyama yake inabadilika rangi inapokatwa. Mengi ya hayo hupotea uyoga unapokauka, kwa hiyo huandikwa na kupigwa picha palepale. Sanadi ni habari za upatikanaji wake: nani aliuchuma, siku gani, katika kijiji gani, chini ya mti gani. Uyoga usio na habari hizo hauna thamani kubwa kwa mtafiti, hata uwe mzuri namna gani.

Baada ya hapo huja vumbi la uzazi, yaani spora. Mtaalamu hukata shina, akailaza kofia juu ya karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi, kisha akaifunika kwa bakuli usiku kucha. Asubuhi karatasi huwa na alama ya vumbi, nayo huwa nyeupe, ya waridi, ya kahawia, nyeusi au hata ya kijani. Vumbi hilo hutazamwa kwa hadubini ili kupima umbo na ukubwa wa kila chembe. Siku hizi huongezwa uchunguzi wa vinasaba, ambao huonyesha undugu usioonekana kwa macho. Mwishowe uyoga uliokaushwa huwekwa katika hifadhi ya mimea ya chuo kikuu ili uwe shahidi wa jina hilo siku zote. Yeyote mwenye shaka anaweza kurudi na kuutazama.

Hata hapo mjadala haufungwi. Mwaka 2012 Tibuhwa na wenzake walitoa hoja kwamba baadhi ya uyoga wa Afrika wenye umbo la tarumbeta unastahiki kuwa jenasi ya peke yake. Wataalamu wengine walipochunguza tena wakaona ubakie kundi dogo ndani ya jenasi ya zamani. Hitilafu ya namna hii haina aibu. Kila upande ulileta ushahidi wake, na mizani ikawa ushahidi. Laiti na sisi tungelikuwa na subira kama hiyo kabla ya kukiinjika chungu!

Hatari ya kufananisha

Hapa ndipo penye uzito wa maneno yetu. Mwezi wa Agosti mwaka 2021 familia nyingi za Afghanistan ziliondolewa Kabul na kupelekwa nchi za Ulaya. Familia moja ilifikishwa Poland na kuwekwa katika kituo cha wageni kilichoko kando ya msitu. Walichuma uyoga msituni, wakapika supu, wakala. Watoto wawili wa kiume, ndugu wa miaka 5 na 6, walifariki, ijapokuwa mmoja wao alipandikizwa ini jingine. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Wazazi walikuwa wamewaokoa wanao katika vita, na uyoga wa nchi ngeni ukawachukua.

Huko Marekani nako, katika jimbo la California, wahamiaji kutoka Asia ya Kusini-Mashariki wamekufa kwa sababu uyoga wenye sumu kali wa huko unafanana na uyoga wa chakula waliouzoea kwao. Funzo ni moja: elimu ya uyoga ni elimu ya mahali. Bibi aliyekulia Masasi ni mwalimu wa uyoga wa Masasi. Akihamia Kilosa huwa mwanafunzi kwanza. Na Kilosa ni wilaya ya wahamiaji tangu enzi za mashamba ya mkonge na reli. Ndani ya mtaa mmoja hukutana watu wa mikoa mingi, kila mmoja na macho ya kwao.

Kuna na miti iliyohamia. Misonobari iliyopandwa milimani, kama katika shamba la miti la Ukaguru, si miti ya asili ya Afrika Mashariki. Katika nchi nyingi za Afrika miti hiyo haikustawi mpaka ilipoletewa kuvu wake wa mizizini kutoka nje. Kwa hiyo chini ya misonobari huota uyoga ambao hakuna bibi wa Kikaguru aliyeurithi kwa mama yake. Mtu asiupime kwa kipimo cha msitu wa asili.

Wala ukoo si dhamana. Amanita masasiensis tulioutaja ni chakula cha watu, lakini jenasi yake ndiyo hiyohiyo yenye uyoga unaoua kuliko wote duniani. Sumu ya uyoga huo ina hila: mlaji huweza kukaa saa 6 hadi 24 bila ya kuhisi kitu, kisha akatapika na kuharisha, kisha akapata nafuu. Nafuu hiyo ni ya uongo, kwa maana wakati huo ini linaharibika. Karibu zaidi na nyumba zetu, kwenye majani mafupi ya viwanja na malisho, huota uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia juu ya kofia, ambao wataalamu huuita Chlorophyllum molybdites. Unafanana na uyoga wa chakula, hata wajuzi huwahi kudanganyika nao ukiwa mchanga. Unapokomaa, vile vipande vyembamba vilivyopangika kama kurasa chini ya kofia hugeuka kijani, na vumbi lake ni la kijani. Huleta matapishi na kuharisha kukali, hususan kwa watoto.

Na zile alama za mitaani? Kwamba uyoga ulioliwa na wadudu au konokono ni salama, kwamba kijiko cha fedha hubadilika rangi penye sumu, kwamba kuchemsha sana huondoa kila baya. Zote hazina msingi. Mdudu hana ini la mwanadamu, na sumu mbaya kuliko zote haiondoki kwa moto. Tumekatazwa kufuata tusilo na ujuzi nalo, na kipimo cha kijiko si ujuzi.

Mti ukianguka, uyoga nao

Bado kuna jambo la msitu wenyewe. Uyoga mwingi bora wa miombo hauwezi kuishi peke yake. Nyuzi zake nyembamba hushikamana na mizizi ya miti hai. Kuvu huupa mti maji na madini, na mti humpa kuvu chakula kilichotengenezwa majanini. Ni ujirani uliowekwa na Muumba. Mti ukikatwa na kisiki kikang'olewa, uyoga wake hauoti tena pale, hata mvua inyeshe vipi. Kila tanuri la mkaa lisilo na mpango linaweza kufuta aina ambayo haijawahi kuandikwa.

Kilosa imeonyesha kwamba iko njia nyingine. Tangu mwaka 2012 baadhi ya vijiji vya wilaya hiyo, kikiwemo Ihombwa, vimekuwa vikitengeneza mkaa kwa utaratibu unaoitwa mkaa endelevu, kwa msaada wa shirika la uhifadhi wa misitu TFCG na mtandao wa wanavijiji MJUMITA. Sehemu ya msitu wa kijiji hugawanywa vipande vya mita 50 kwa 50. Hukatwa baadhi, na vya jirani huachwa vimesimama. Visiki havichomwi wala having'olewi, bali huachwa vichipue, na kipande kilichovunwa hupumzishwa miaka 24. Utaratibu huo ulipangwa kwa ajili ya miti na mapato ya kijiji. Lakini penye kisiki kilicho hai na jirani aliyesimama, kuvu naye huwa na pa kujishikiza.

Wajibu wa kila nyumba

Tunawausia wasomaji wetu mambo machache. Familia isile uyoga ambao mjuzi wa mahali hapohapo hakuutambua kwa jina, mmojammoja, kabla ya kuingia chunguni. Watoto wasitumwe kuchuma peke yao. Penye shaka, utupwe. Wala kuutupa uyoga usiojulikana hakuhesabiki kuwa israfu. Akitokea aliyekula na kuumwa, apelekwe hospitali mara moja hata kama amepata nafuu, na mabaki ya uyoga yabebwe pamoja naye ili mganga ajue anapambana na nini. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi mtu asichume chochote bila ya kibali, kwa maana hiyo ni amana ya umma.

Kisha kuna wajibu wa elimu. Vijana wetu wa madrasa na sekondari wana simu zenye kamera na wana madaftari. Wakae na bibi zao msimu huu wa mvua. Waandike jina la kila uyoga kwa Kikaguru, Kisagara au Kividunda, mti unaoota chini yake, mwezi unapotokea, unavyopikwa, na unaofanana nao ambao bibi anauogopa. Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Wakiupata uyoga ambao hakuna mzee anayeujua, waupige picha juu na chini, waukaushe taratibu mbali na moshi, waandike tarehe na mahali, kisha wawaulize wataalamu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko Morogoro, nacho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekwisha kutoa watafiti walioyafikisha majina ya ardhi yetu duniani.

Singida imo katika daftari la sayansi, na Masasi imo. Kilosa ikiingia kesho, tungependa pembeni ya jina la Kilatini liandikwe na jina alilolitumia bibi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeibeba amana hiyo kabla ya wengine wote.

Tunamuomba Allah (SW) atuzidishie elimu yenye manufaa, azilinde familia zetu na kila chenye madhara, na awarehemu wazee wetu waliotutangulia. Amin. Wabillahi tawfiq.